Urithi na mirathi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Neno urithi lina wenyewe wengi. Hakimu analitumia, daktari wa vinasaba analitumia, mwandishi wa programu za kompyuta analitumia, na familia iliyotoka makaburini inalitumia kuliko wote. Kila mmoja ana maana yake, na kila maana ina kanuni zake. Ugomvi mwingi huanza pale mtu anapochukua kanuni ya urithi wa aina moja akaipeleka kwenye aina nyingine: anaamini kufanana sura na marehemu kunampa nyumba, au kwamba ugonjwa wa baba lazima umfikie kama shamba la baba linavyomfikia. Majibu yafuatayo yanajaribu kuzitenganisha maana hizo.

Urithi ni nini hasa?

Ni kile kinachopita kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine kwa sababu ya uhusiano uliopo kati yao, bila anayepokea kukinunua wala kukifanyia kazi. Kinaweza kuwa nyumba, cheo, rangi ya macho, jina au hekalu la kale. Popote neno hili linapotumika kwa haki utakuta mtoaji, mpokeaji, kitu chenyewe, na kanuni inayosema kipite vipi. Hiyo kanuni ndiyo watu huisahau. Mpokeaji hajipangii mwenyewe apate nini. Sheria, dini, wosia au maumbile ndiyo yanayopanga.

Urithi na mirathi ni kitu kimoja?

Yanatoka kwenye shina moja la Kiarabu, lakini hayabadilishani nafasi kila mahali. Mirathi ni mali aliyoiacha marehemu, na pia ni shughuli nzima ya kuikusanya, kulipa madeni yake na kuigawa. Ndiyo maana tunasema "kesi ya mirathi", "msimamizi wa mirathi", "kufungua mirathi". Urithi ni neno pana zaidi. Ni fungu analopata mtu mmoja kutoka kwenye mirathi, lakini pia ni kila kinachopokewa kutoka kwa waliotangulia, hata kama hakuna aliyekufa wala mali iliyogawiwa. Hakuna anayesema "mirathi ya rangi ya macho".

"Alimrithi baba yake" na "alirithi shamba la baba yake": ipi ni sahihi?

Zote. Kitenzi kurithi hupokea mtu na hupokea kitu. Ukisema "alimrithi", msikilizaji anaweza kuelewa kwamba alichukua mali yake, au alishika cheo chake, au amechukua tabia yake; muktadha ndio unaoamua. Ukitaka kuondoa utata, taja kitu. Katika maandishi ya kisheria usiache "alimrithi" ikining'inia peke yake, maana anayesoma miaka 20 baadaye hatajua ulimaanisha kiti au ng'ombe. Anayepitisha kitu anarithisha, anayepokea ni mrithi, na kitu chenyewe kinarithiwa.

Je, mtu anaweza kurithi mali ya mtu aliye hai?

Hapana. Mwenye mali akiwa hai, mtoto wake ana tumaini tu, hana haki. Mzazi anaweza kuuza shamba kesho, akalipa deni, akaligawa kwa wengine, na mtoto hana la kudai isipokuwa sheria ya mahali pake imeweka kinga maalumu. Alichopewa mtoto na mzazi aliye hai ni zawadi, au hiba kama wanavyoiita wanasheria wa Kiislamu, na masharti yake ni mengine kabisa: lazima mtoaji awe ametoa kweli, na kwa kawaida mpokeaji awe amekipokea.

Jambo hili linaumiza familia nyingi. "Baba alisema kiwanja hiki ni changu" ni kauli inayoweza kuwa ya kweli kabisa na bado isimpe msemaji kitu. Kama baba aliahidi tu, kiwanja kikabaki kwa jina lake mpaka alipofariki, mara nyingi kinaingia kwenye mirathi pamoja na mali nyingine zote.

Wosia unafanya nini, na una nguvu kiasi gani?

Wosia ni tamko la mtu kuhusu mali yake litakaloanza kufanya kazi siku atakapokufa. Akiwa hai na mwenye akili timamu anaweza kuubadilisha au kuufuta atakavyo. Asiyeacha wosia huachia sheria au dini igawe kwa niaba yake.

Nguvu yake inatofautiana sana. Uingereza kwa muda mrefu imempa mtu uhuru mkubwa wa kuacha mali kwa amtakaye, ingawa mahakama inaweza kuwaangalia waliokuwa wakimtegemea. Ufaransa imechukua njia nyingine: kuna sehemu ya mali iliyotengwa kwa watoto ambayo wosia hauwezi kuigusa, nayo ni nusu kwa mtoto mmoja, theluthi mbili kwa wawili, robo tatu kwa watatu au zaidi. Katika sheria ya Kiislamu wosia hauzidi theluthi moja ya mali inayobaki baada ya madeni, na kwa madhehebu ya Sunni haumpi nyongeza mtu ambaye tayari ni mrithi, isipokuwa warithi wengine wakikubali.

Mfano wa wosia uliobadilisha dunia ni wa Alfred Nobel. Aliutia saini Paris tarehe 27 Novemba 1895, akafariki tarehe 10 Desemba 1896. Sehemu kubwa ya utajiri wake aliielekeza kwenye zawadi za kila mwaka, baadhi ya ndugu wakaupinga, na wasimamizi wa wosia wakahangaika miaka kadhaa kabla zawadi za kwanza hazijatolewa mwaka 1901. Nia ya marehemu ilikuwa wazi. Kilichokosekana ni maelekezo ya jinsi ya kuitekeleza. Kwa hiyo anayeandika wosia asiishie kusema nani apate nini. Aseme pia nani asimamie, na kitokee nini ikiwa aliyetajwa amefariki kabla yake.

Ni mali gani haziingii kwenye mirathi?

Watu hushangaa hapa. Fedha za bima ya maisha zenye jina la mnufaika mara nyingi humwendea mnufaika huyo moja kwa moja. Nyumba inayomilikiwa na watu wawili kwa umiliki wa pamoja wa aina ambayo mmoja akifa mwenzake anabaki na yote, haigawiwi. Amana aliyokuwa akimshikia mtu mwingine si yake, hivyo irudi kwa mwenyewe. Na vitabu au muziki wa kidijitali alioulipia mtandaoni mara nyingi ni leseni ya kutumia tu, inayokoma na yeye.

Madeni yanarithiwa?

Jibu fupi ni kwamba mali ya marehemu inadaiwa kabla warithi hawajapata kitu. Kinachogawiwa ni kinachobaki.

Lakini mali ikiwa ndogo kuliko deni? Katika sheria ya Roma ya kale mrithi alivaa viatu vya marehemu, madeni pamoja, hata kama yangemfilisi. Mwaka 531 mfalme Justinian aliruhusu mrithi kuorodhesha mali kwanza, na akifanya hivyo kwa utaratibu, asidaiwe zaidi ya thamani ya alichopokea. Nchi nyingi za Ulaya bado zina kitu cha namna hiyo: mrithi anakubali yote, au anakubali kwa kiwango cha mali tu, au anakataa kabisa. Katika sheria zenye asili ya Kiingereza, msimamizi wa mirathi hulipa madeni kwa mali iliyopo, na ikiisha, mdai hana pa kwenda, isipokuwa kwa mtu aliyeweka dhamana ya deni hilo kwa jina lake mwenyewe. Katika sheria ya Kiislamu gharama za mazishi na madeni hutangulia, kisha wosia, kisha mafungu ya warithi.

Mtu akikujia siku ya tatu baada ya msiba na kukutaka usaini karatasi inayosema deni la marehemu sasa ni lako, usisaini. Mpeleke kwa msimamizi wa mirathi. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu saini ya mfiwa inaweza kuzalisha deni ambalo sheria haikumpa.

Mafungu ya mirathi katika Uislamu yanapigwaje hesabu?

Msingi wake ni Sura ya nne ya Qur'ani, An-Nisaa, aya ya 11, ya 12 na ya 176. Kuna warithi wenye mafungu yaliyotajwa: nusu, robo, thumni (moja ya nane), theluthi mbili, theluthi na sudusi (moja ya sita). Wakishapata yao, kinachobaki kinakwenda kwa warithi wa asaba, yaani wasio na fungu maalumu bali wanaochukua salio, kwa mfano wana wa kiume wakiwa pamoja na mabinti.

Tuchukue mfano. Mwanamume amefariki, ameacha mke mmoja, mama yake, mwana mmoja na binti mmoja. Baba yake alishatangulia. Kwa kuwa kuna watoto, mke anapata thumni na mama anapata sudusi. Ili hesabu itoke bila sehemu zilizokatika, mali igawe mafungu 72. Mke anachukua 9, mama 12. Yamebaki 51, nayo yanagawiwa mwana na binti kwa uwiano wa mbili kwa moja: mwana 34, binti 17. Jumlisha 9, 12, 34 na 17, unapata 72.

Angalia sasa kinachobadilika mtu mmoja akiondoka kwenye picha. Kama wasingekuwepo watoto, mke angepanda kutoka thumni hadi robo, na mama, ikiwa marehemu hakuacha ndugu wawili au zaidi, angepanda kutoka sudusi hadi theluthi. Ndiyo maana kazi ya kwanza ya anayegawa ni kujua kwa yakini nani alikuwa hai saa ile marehemu alipokata roho. Mrithi mmoja aliyesahauliwa, hata awe mbali kiasi gani, anabomoa hesabu yote.

Mtoto alifariki kabla ya mzazi wake. Wajukuu wanapata kitu?

Inategemea mfumo. Sheria nyingi za kiraia huwaruhusu wajukuu kusimama mahali pa mzazi wao na kugawana fungu ambalo angelipata. Katika hesabu ya Kisunni ya kawaida, mwana wa kiume aliye hai huwazuia watoto wa ndugu yake aliyefariki. Misri iliona uzito wa jambo hili, na kwa sheria ya mwaka 1946 ikaweka wosia wa lazima kwa ajili ya wajukuu wa namna hiyo, ndani ya mpaka wa theluthi. Nchi nyingine kadhaa za Kiarabu zilifuata.

Babu mwenye wajukuu yatima hana haja ya kusubiri sheria. Theluthi yake ipo, aandike.

Aliyemuua marehemu anaweza kumrithi?

Hapana, na hapa mifumo mingi mno inakubaliana. Fiqhi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, inamnyima muuaji urithi. New York mwaka 1889, katika kesi ya Riggs dhidi ya Palmer, mjukuu aliyemlisha babu yake sumu alidai mali kwa kuwa wosia ulimtaja na sheria ya wosia haikuwa na neno la kumzuia. Mahakama ilikataa: mtu hafaidiki na uovu wake mwenyewe.

Mtoto aliye tumboni je?

Anahesabiwa, sharti azaliwe hai. Ndiyo maana ni busara kusubiri azaliwe kabla ya kugawa, au kumtengea fungu lake.

Mtu akisema ugonjwa ni wa kurithi, anamaanisha nini?

Sasa tumeacha mahakama, tumeingia kwenye mwili. Hapa mtoaji hapungukiwi na kitu na hakuna wosia. Binadamu kwa kawaida ana kromosomu 46, yaani nyuzi zinazobeba vinasaba, katika seli zake, 23 kutoka kwa mama na 23 kutoka kwa baba, na kila mzazi anapopitisha, hupitisha nusu tu ya alichonacho. Nusu ipi, ni bahati.

Gregor Mendel, mtawa aliyefanya majaribio Brno na kuyachapisha mwaka 1866, alionyesha hivyo kwa njegere. Alichanganya zenye mbegu za duara na zenye makunyanzi. Kizazi cha kwanza chote kikawa cha duara. Kizazi kilichofuata akahesabu mbegu 5,474 za duara na 1,850 zenye makunyanzi, karibu tatu kwa moja. Makunyanzi hayakuwa yamepotea. Yalikuwa yamejificha ndani ya kizazi ambacho kwa macho hakikuwa na dalili yake.

Ugonjwa wa selimundu, ambao seli nyekundu za damu huwa na umbo la mundu, unapita kwa njia hiyohiyo. Tuseme baba na mama kila mmoja ana jeni (kinasaba) moja la kawaida na moja la selimundu. Wao wenyewe ni wazima. Katika kila ujauzito kuna uwezekano wa asilimia 25 mtoto awe mgonjwa, asilimia 50 awe mbebaji kama wazazi, na asilimia 25 asiwe nalo kabisa. Tafadhali soma tena maneno "kila ujauzito". Mtoto wa kwanza kuwa mgonjwa hakumaanishi watatu wanaofuata wako salama. Hesabu inaanza upya kila mara. Na haimhusu mama peke yake. Mwanamke anayelaumiwa kwamba ameleta selimundu kwenye ukoo anadhulumiwa, kwa sababu ugonjwa hauji bila jeni la baba pia.

Wa kurithi na wa kuzaliwa nao ni mmoja?

Si lazima. Mtoto anaweza kuzaliwa na tatizo lililotokana na maambukizi au dawa wakati wa ujauzito, na hilo si la kurithi. Kinyume chake, ugonjwa wa Huntington, unaoharibu ubongo, ni wa kurithi, lakini kwa kawaida dalili hujitokeza utu uzimani. Kuna pia magonjwa kama kisukari cha aina ya pili na shinikizo la damu, ambapo kinachorithiwa ni wepesi wa kuupata tu, na mtindo wa maisha una sauti kubwa.

Tabia hurithiwa? Wahenga walisema maji hufuata mkondo.

Walisema kweli, ila hawakusema mkondo umechimbwa na nini. Mtoto anayezungumza kwa ukali kama baba yake anaweza kuwa amepokea kitu katika damu, na anaweza kuwa ameishi naye miaka 15 akimsikiliza. Tafiti za mapacha zinaonyesha kwamba vinasaba vina mchango katika hulka, lakini haviamui peke yake. Lugha, dini na ustadi wa kazi tunasema vimerithiwa, navyo hupita kwa kufundishwa.

Kurithi madaraka ni sawa na kurithi mali?

Kuna tofauti kubwa: mali hugawanyika, kiti hakigawanyiki. Lazima apatikane mmoja. Falme nyingi za Ulaya zilimtanguliza mwana wa kiume; Sweden ilibadilisha mwaka 1980, mtoto wa kwanza arithi awe wa kike au wa kiume, na Uingereza ikafuata kwa sheria ya mwaka 2013 iliyoanza kutumika 2015. Kwa Waashanti wa Ghana kiti hupita upande wa mama, kwa hiyo mtoto wa dada wa mfalme anaweza kuwa mrithi huku mtoto wa kumzaa mwenyewe asiwe.

Magazeti huandika pia kwamba rais au kocha mpya "amemrithi" aliyemtangulia hata kama amechaguliwa kwa kura. Ni matumizi yaliyokubalika, na maana yake ni kushika nafasi tu.

Na kwenye kompyuta?

Mwandishi wa programu huunda klasi, yaani kiolezo cha kutengenezea vitu, kisha klasi nyingine inayorithi sifa na kazi za ile ya kwanza na kuongeza zake. Klasi ya "gari" ina injini na kasi. Klasi ya "lori" inarithi hivyo na kuongeza uzito wa mzigo. Wazo hili lilikuja na Simula 67, lugha iliyotengenezwa Norway na Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard. Tofauti na mirathi, klasi mzazi haifi wala haipotezi kitu, na ikirekebishwa leo watoto wake wote wanabadilika. Lugha za C++ na Python huruhusu klasi moja kuwa na wazazi kadhaa. Java huruhusu klasi mzazi mmoja tu.

Urithi wa dunia ni wa nani?

Mkataba wa UNESCO wa mwaka 1972 ulianzisha orodha ya maeneo yenye thamani kwa wanadamu wote. Yale 12 ya kwanza yaliingizwa mwaka 1978, yakiwemo visiwa vya Galápagos, makanisa ya mawe ya Lalibela na kisiwa cha Gorée. Umiliki haubadiliki: eneo linabaki mali ya nchi lilipo, ila nchi hiyo imeahidi kulitunza mbele ya wengine. Mwaka 2003 ukaja mkataba wa urithi usioshikika, unaohusu ngoma, masimulizi na ufundi. Urithi wa aina hii hauhifadhiwi kwa kufungiwa kabatini. Asipopatikana mwanafunzi, unakufa na fundi wake.

Nyimbo na vitabu vya marehemu?

Hakimiliki hurithiwa, lakini kwa muda. Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, kama ulivyorekebishwa baadaye, unaweka kwa kazi nyingi angalau miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi, na nchi nyingi zimefikisha 70. Muda ukiisha, kazi inakuwa ya umma. Familia nyingi za wasanii hazijui kwamba zina kitu hiki mkononi.

Naweza kukataa urithi?

Katika mifumo mingi, ndiyo, lakini fanya hivyo kwa maandishi, mapema, na kabla hujaanza kuitumia mali. Ukishauza gari la marehemu, ni vigumu kusema hukupokea. Ujue pia kwamba kukataa si kumchagulia mwingine: fungu lako linakwenda kule sheria inakolipeleka. Ukitaka limfikie dada yako, huenda njia sahihi ni kulipokea kisha kumpa.

Mtu amepotea, hajulikani kama yu hai. Warithi wafanye nini?

Mirathi haifunguliwi kwa dhana za majirani. Katika sheria zenye asili ya Kiingereza, mtu asiyesikika kwa miaka 7 na wale ambao kwa kawaida wangepata habari zake anaweza kudhaniwa amekufa, na mahakama ikaombwa itamke hivyo. Kabla ya hapo mali yake inatunzwa, haigawiwi. Na yeye mwenyewe, ikiwa katika kipindi hicho amefiwa na mtu wa kumrithi, fungu lake nalo litengwe mpaka ijulikane.